Barua Kuhusu Paa la Bibi

Nyasi kuukuu za paa zikilowa hutoa harufu ambayo sijaipata tena mahali pengine: moshi wa miaka mingi, udongo, na kitu kitamu kidogo mfano wa uji wa ulezi ulioanza kuchacha. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba ya Bibi kule Butiama wakati wa masika. Mvua ya huko ilikuwa na saa zake. Ilikuja alasiri tukiwa tumeshakula, ikaanza kwenye shamba la mtama, ikavuka ua, kisha ikatufikia bila kishindo, maana paa la nyasi halipigi kelele. Tuliisikia kama mtu anayechekecha unga chumba cha pili. Bibi aliiita saa hiyo saa ya kulala mvua, na hakuna kazi iliyoruhusiwa kuiingilia. Tulipanda kitandani watatu: dada yangu Nyangeta upande wa ukutani, Bibi katikati, mimi ukingoni, ambako ilinibidi nishike mfumbati wa kitanda nisije nikaanguka. Leo natamani hata huo usumbufu.

Nyangeta alinizidi miaka miwili. Alizaliwa na kichwa kikubwa, na kichwa hicho kikaendelea kuwa mbele ya mwili wake kila mwaka. Shingo yake ilichelewa kukaza, akatembea akiwa na miaka minne, na alipoanza akatembea kwa ncha za vidole kana kwamba sakafu ina moto. Hakusema. Hakumtazama mtu machoni. Ugali ukiguswa na mchuzi hakuula tena, hata awe na njaa ya siku nzima. Baba alikuwa fundi cherehani, anashonea barazani mwa duka moja pale Mukendo, mjini Musoma, na kila Krismasi alimpima Nyangeta kichwa kwa futi ileile aliyopimia viuno vya wateja. Hakuna gauni la dukani lililopita kwenye kichwa kile, hivyo Baba alimshonea magauni yenye mpasuko kutoka shingoni hadi begani, akayafunga kwa vifungo vikubwa. Watu walisema ana maji kichwani. Wazazi walimpeleka hospitali, wakaambiwa maji hakuna, kichwa ni kikubwa tu, wakarudishwa nyumbani bila jina la ugonjwa. Wapangaji wenzetu wa Kigera, mtaa wa Musoma tulikopanga chumba, walikuwa na majina yao, mengine ya kichawi, na Mama alikuwa na sala zake. Mimi nilikuwa na hasira. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilidhani Mungu angeweza kunipa dada wa kuruka naye kamba.

Kilichotushinda kabisa kilikuwa bati. Chumba chetu cha Kigera hakikuwa na dari, na mvua kubwa ya ziwani ikishuka juu ya mabati hata mtu mzima hukatisha mazungumzo. Nyangeta aliziba masikio, akalia kwa sauti moja isiyokatika, kisha akaanza kupiga kichwa ukutani. Mama aliweka kiganja chake kati ya kichwa na ukuta, akapokea yeye mapigo mpaka mvua ikatike. Masika mazima mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba. Wapangaji wakalalamika, mwenye nyumba akaja kusema hali hiyo haiwezi kuendelea, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua. Ndipo Baba akakumbuka kwamba mwaka uliopita, tulipokwenda msibani Butiama, mvua ilinyesha na Nyangeta akalala fofofo katika nyumba ya nyasi. Basi tukapelekwa kwa Bibi, Nyangeta kwa ajili ya paa, na mimi kwa ajili ya Nyangeta. Mwalimu mkuu wa shule ya pale alikubali nisome darasa la tano kwa muhula mmoja.

Bibi hakumwonea Nyangeta huruma, na nadhani hiyo ndiyo siri ya masika yale. Alimwangalia siku ya kwanza, akamshika kichwa kwa mikono miwili kama anayechagua boga, akacheka. "Hiki kichwa ni cha kwetu," akasema. "Kaka yangu marehemu alikuwaga nacho hivihivi, na alikuwaga haongei. Na wewe mke mwenzangu, usijifiche na hicho kitambaa, nakiona na chako." Mke mwenza ndiye niliyekuwa mimi, kwa utani wa bibi na mjukuu. Ni kweli kichwa changu nacho kilikuwa kikubwa, na cha Baba, na cha Bibi mwenyewe chini ya kilemba chake, ila vyetu vilikubali kusoma na kushona. Bibi alifanya mambo yaleyale kwa mpangilio uleule kila siku, kwa mazoea ya uzee tu, na Nyangeta akatulia. Akapata na kazi. Bibi alimpa ungo wa ulezi achague mawe, naye akauinamia tangu chai hadi mchana, na jiwe halikumpita. Mawe aliyapanga pembeni kwa ukubwa, mstari mmoja ulionyooka. Kabla ya wiki tatu wanawake wa jirani walikuwa wanaleta ulezi wao wa harusi na wa pombe, wakimwita kwa jina lake. Kigera walimwita yule mgonjwa. Nilikuwa sijawahi kumwona dada yangu akisubiriwa na watu.

Kama ningekuwa na akili ya sasa ningemshukuru Mungu nikanyamaza. Lakini shuleni nilikuwa mtoto wa mjini, nina viatu, nina begi, nilijidai kidogo, na waliotaka kunishusha wakaona pa kunishikia. Nyumba za pale karibu zote zilikuwa zimeshaezekwa bati. Ya Bibi ilibaki na nyasi, nyeusi, imeinama upande mmoja. Msichana mmoja niliyekaa naye dawati moja aliniuliza mbele ya darasa kama ni kweli tunalala ndani ya kiota. Walicheka siku nzima, na kesho yake wakanipigia sauti za ndege. Jumamosi nilichana karatasi ya daftari nikamwandikia Baba barua. Niliandika kwamba nyumba ya Bibi inavuja. Hilo halikutosha, nilijua, kwa kuwa Baba alishaambiwa habari za paa na majirani akawa anasema mwakani. Kwa hiyo nikaongeza kwamba Nyangeta analowa, na anakohoa. Hakuna tone lililowahi kumwangukia Nyangeta. Niliandika hivyo kwa mwandiko wangu mzuri, nikampa mama mmoja aliyekuwa anakwenda sokoni Musoma, nikarudi nyumbani nikala vizuri.

Baba alikuja baada ya wiki mbili, juu ya lori, na mabati yanayong'aa mpaka unafumba macho, mbao, misumari na mafundi wawili. Sijamwona Baba akiwa na furaha kama siku ile. Alikuwa mtoto wa kiume pekee, na kijiji kizima kilikuwa kinamwona akimwezekea mama yake nyumba. Alikwenda moja kwa moja kwa Nyangeta, akamwekea mkono kifuani, akasikiliza kikohozi ambacho hakikuwepo. Kisha akamgeukia Bibi. "Mama, mbona ulikuwa huniambii kama nyumba inavuja?" Bibi alinitazama. Nilikuwa nimesimama na ndoo ya maji kichwani na sikuweza kukwepa macho yake. Hakunitazama kwa hasira, alikuwa kama anayesoma kitu kirefu kidogo. "Inavujaga," akamwambia Baba. "Inavujaga kidogo, pale kwenye kona. Sikutaka kukusumbua." Akaingia ndani kuanza kutoa vyombo. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na Bibi aliujua msemo huo kuliko mimi. Alikubali kuezuliwa nyumba yake ili mjukuu wake asionekane mwongo mbele ya baba yake.

Kazi ilikwisha kwa siku tatu, mvua ikiwa imepumzika. Nyasi kuukuu zilirundikwa nyuma ya zizi na watoto wenzangu wakaja kuruka juu yake, yule wa dawati langu akiwa wa kwanza. Baba akapanda lori la kurudi, na alasiri ya kesho yake mvua ikaja kwa saa yake. Bibi alituita tulale kama kawaida. Tulipanda watatu, kila mtu mahali pake, na nakumbuka Nyangeta alikuwa amekwisha kufumba macho. Tone la kwanza lilipiga, halafu la pili, halafu yote kwa pamoja. Nyangeta alipaa kitandani akapita juu yetu. Alipiga kichwa kwenye mwimo wa mlango mara tatu kabla Bibi hajamfikia, akachomoka, akakimbilia mvuani na damu usoni. Tulimtafuta tukiita jina lake, jambo la kipuuzi kwa mtu asiyeitika. Nililia nikisema ni mimi, ni mimi, lakini mvua ilikuwa kubwa na sijui kama Bibi alisikia. Tulimkuta jikoni, kwenye kile kijumba cha msonge ambacho mafundi walikiacha na nyasi zake kwa kuwa ni jiko tu. Alikuwa amekaa kati ya mafiga na mtungi, magoti kifuani, ametulia. Bibi akakaa kwenye majivu karibu naye bila kumgusa. Akaniambia nilete mkeka, na mtandio wa kumfungia kichwa.

Kuanzia siku hiyo Bibi alihamia jikoni na Nyangeta. Nyumba mpya ikawa ya wageni na magunia. Wapita njia walipomtania kwamba ana nyumba ya bati naye analala kwenye masizi, aliwajibu kuwa ile ni ya mwanawe, yeye ni mke mdogo, bado hajajengewa. Jikoni palitosha watu wawili na moto. Mimi nilibaki kwenye nyumba niliyoiomba, na mvua iliponyesha nililala peke yangu katikati ya kitanda kipana, masikio yamezibwa, nikajua kidogo tu ya kile ambacho dada yangu alikuwa akikisikia maisha yake yote. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Muhula ulipokwisha nilirudi Kigera, Nyangeta akabaki huko miaka sita, mpaka Bibi alipofariki. Jiko lilianguka masika yaliyofuata kwa kukosa mtu wa kuwasha moto ndani yake. Baba naye amekwisha kutangulia, na alikufa akiamini kwamba mama yake alikuwa mbishi tu. Sikumwambia. Wanasema majuto ni mjukuu, nami ndiye mjukuu mwenyewe.

Sasa ninafundisha Bunda, na Nyangeta anaishi kwangu. Ana mvi, bado anatembea kwa ncha za vidole, bado anachagua mawe, siku hizi kwenye mchele. Nyumba yangu ina dari, na mwalimu mwenzangu wa watoto wenye mahitaji maalumu alimletea vifaa vya kuziba masikio, anavivaa mvua ikianza na kujikunja chini ya meza. Inasaidia. Hapigi tena kichwa, ila hatulii. Mwaka juzi tulionana na daktari kijana aliyechukua muda nasi kuliko wote waliomtangulia. Akachukua damu ikapelekwa mbali, na majibu yaliporudi akanieleza kuwa kichwa kikubwa, usonji na ulemavu wa akili si mikosi mitatu, vina chanzo kimoja kwenye vinasaba, na huenda katika ukoo. Akauliza kama kuna mwingine. Nilivua kilemba. Akanipima kwa futi, na kwa muda nilikuwa barazani kule Mukendo nikinusa mafuta ya cherehani. Nikamweleza habari za Baba, za Bibi, na za kaka yake Bibi aliyekuwa haongei, naye akawa anachora vimistari kwenye karatasi kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Tulizunguka miaka yote hiyo kuja kuambiwa kwamba hiki kichwa ni cha kwetu.

Mwaka huu kabla ya masika nilimtafuta mwezekaji wa nyasi. Haikuwa rahisi, wazee wengi wa kazi hiyo hawapo. Niliyempata anatoka Guta, na siku hizi anaezekea mahoteli ya watalii kando ya mbuga, maana walionifanyia sauti za ndege wamepitwa na wakati, wageni wanasafiri kutoka mbali kuja kulala kwenye kiota. Alinijengea kijumba nyuma ya nyumba yangu. Majirani walinitania kwamba mwalimu anarudi nyuma, nikawaambia ndiyo, na ninachelewa. Niliweka ndani kitanda cha kamba. Nyasi zilikuwa mpya mno, hazina moshi wala ile harufu, na nikahofu kwamba nimejengea upuuzi wangu mwenyewe. Kisha mvua ikaja, alasiri. Nilimshika Nyangeta mkono tukavuka ua, akasimama mlangoni akisikiliza, akavivua vile vifaa vya masikio mwenyewe akaniachia. Alipanda akalala upande wa ukutani. Nilipanda nami nikalala karibu yake, kwa kuwa tulikuwa wawili na nafasi ilikuwepo. Akaweka kiganja kwenye bega langu akanisukuma, taratibu, bila kunitazama, mpaka nikafika ukingoni. Halafu akaurudisha mkono, akaulaza pale katikati palipokuwa wazi, akafumba macho. Nikashika mfumbati nisije nikaanguka.