Nyati wa Wachawi Wawili

Mchezo ule uliingia nyumbani kwetu Shirimatunda ndani ya begi la kaka yangu. Mwalimu mmoja wa kujitolea alimwachia kitabu chake cha Kiingereza kilichochakaa, chenye sheria za mchezo, alipoondoka shuleni kwao. Haukuwa na ubao wala kete za kusogeza. Mmoja anasimulia safari, wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini, na penye ubishi bahati inaamua. Dadu hatukuwa nayo, tukaandika namba, moja hadi ishirini, kwenye vikaratasi na kuvitia kwenye kopo la majani ya chai. Msimulizi nilikuwa mimi, kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa na nafuu, na kwa sababu sipendi kuamrishwa.

Wachezaji walikuwa kaka, rafiki yake wa nyumba ya pili, na binamu yetu, msichana wa darasa la sita aliyefiwa na wazazi wote wawili. Baada ya mazishi alichukuliwa na mama yake mdogo, muuza mitumba wa Himo. Sasa baba mkubwa wa Old Moshi alikuwa anamtaka, akisema mtoto ni wa ukoo. Akaletwa kwetu "akae kwanza", mpaka kikao cha Jumapili kiamue. Nililichukia neno hilo, utafikiri wanaongelea gunia la mahindi.

Jumamosi mchana mhusika wa binamu alikufa mapema, nikampa awe nyati wa msituni. Kaka, aliyekuwa anacheza mchawi, akamroga nyati alinde daraja, asiondoke. Rafiki yake, naye mchawi, akamroga nyati yuleyule amfuate pangoni. Zikazuka kelele. Kaka alidai aliyeroga kwanza ndiye mwenye mnyama; mwenzake akadai uchawi mpya unafuta wa zamani. Nikafungua kitabu. Kilisema wachawi washindane wenyewe kwa wenyewe, na mwenye namba kubwa ndiye anayetiiwa.

"Na nyati havuti karatasi, dada?" binamu akauliza.

Nikasoma tena. Nyati alikuwa na nafasi moja ya kujinasua; akipata zaidi ya kumi, hana bwana. "Anavuta," nikasema, kwani nilishaona tunacheza nini. Wale wavulana hawakuona kitu.

Akatia mkono koponi, akakoroga weee. Akatoa nne.

"Rudia," nikamwambia.

"Haiwezekani! Sheria ni sheria!" kaka akafoka. Nilitamani kumzaba kibao.

Binamu mwenyewe aliirudisha karatasi koponi, akakunja mikono. "Basi shindaneni," akasema. "Mimi nangoja."

Jumapili baada ya ibada watu wazima walijaa sebuleni. Shikamoo zikapokelewa, kisha wakaanza.

"Mtoto wa ndugu yangu hawezi kukulia juu ya marobota ya mitumba," baba mkubwa alisema.

"Shemeji, mama yake alipokuwa kitandani mlikuwa wapi?" mama mdogo akamjibu.

Walivutana mpaka mtori wa ndizi ukapoa kwenye bakuli. Binamu alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, akitazama vidole vyake. Mimi nilikuwa nimeleta chai tu, na msichana hafungui mdomo kwenye kikao cha ukoo, lakini uvumilivu ulinishinda.

"Mmuulize mwenyewe," nikasema.

Mama alinikata jicho. Baba mkubwa akakohoa, akamgeukia binamu. "Haya, mwanangu. Unataka kukaa wapi?"

Nilimtazama kwa hamu, karibu nimsemee. Mama mdogo alikuwa ameikamata ncha ya kanga yake kwa mikono miwili.

"Popote," akasema.

Hakusema kwa hasira wala kwa machozi. Aliyelia ni mama mdogo. Nilimkasirikia yule mtoto kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Akainuka, akaomba radhi kwa wakubwa, akaingia chumbani, nami nikamfuata ili nimgombeze. Nilimkuta anakunja nguo zake na kuzipanga kwenye mfuko, na kule sebuleni bado hakuna aliyekuwa amesema anakwenda kwa nani.