Kimya cha Mayige

Mayige alikuwa karani wa mizani katika chama cha ushirika cha kijiji kimoja karibu na Mwamapalala. Mwaka 1995 wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia, chama kilifunga ghala, naye akapoteza kazi. Hakumlalamikia mtu. Alijiambia mwanaume humeza uchungu wake, akarudi kulima, na kila aliyemsalimu alimjibu kwa tabasamu. Akifika nyumbani tabasamu lilimwishia. Alikula bila kusema neno, akalala ameelekea ukutani.

Misimu miwili ilipita hivyo. Asubuhi moja wakiwa wanapalilia, mkewe Milembe aliweka jembe chini.

"Baba Kija, kama ni kwa sababu nimekuzalia binti mmoja tu, niambie nirudi kwetu."

Mayige alishtuka. "Nani kakwambia hivyo?"

"Wewe hukuniambia kitu. Mimi ningewaza nini?"

Hapo akamweleza yote, aibu ya kuachishwa kazi na hasira aliyoificha, akalia mbele yake. Tangu siku ile, likimkera jambo hulisema, na moyo wake umekuwa mwepesi. Lakini Milembe akicheka, Mayige huinamisha macho, kwa kuwa alimwacha ajilaumu bure muda wote ule.