Siku Shangazi Alipotangaza Mpira

Siku ile ya Igoma naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu, mpaka majirani huniuliza nimeona nini.

Nilikuwa msichana tu, nina kompyuta moja ya Linux kwenye fremu ya duka ya shangazi yangu Kabula. Nilitaka vijana waje kucheza gemu ya mpira. Shangazi alikuwa ameshanipa sharti: "Jumamosi wasipokuja watu, hapa naweka cherehani zangu." Sasa gemu yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta za Windows, na kwenye Linux yangu ilikataa kabisa kufunguka. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Yangu ilikuwa inacheza ugenini! Nikahangaika, nikapata programu ya kukaa katikati ya gemu na kompyuta kama mkalimani kanisani, mhubiri akisema Kiswahili yeye anatoa Kisukuma. Gemu ikafunguka. Wachezaji wanakimbia vizuri, ila sauti hakuna. Si mashabiki, si filimbi ya refa, kimya.

Jumamosi ikafika. Ng'ambo ya barabara kijana mwenzangu Shija alikuwa na Windows na spika mbili kubwa. Watu wote kwake. Machozi yakanitoka, nikamwambia shangazi bora nizime tu.

"Uzime nini?" akanikemea. "Sisi tukienda kushindana kucheza ngoma kule Kisesa, ngoma ikipasuka tunarudi nyumbani? Tunapiga makofi, tunaimba! Mashine imekosa sauti, na wewe mdomo huna?"

Akavuta kigoda, akaanza kuutangaza mpira mwenyewe. Weee, mwanangu! Kuotea hakujui, kona haijui. Golikipa alimwita mlinzi wa zizi. Mchezaji akianguka, "Pole baba, inuka, ng'ombe wanaenda!" Bao likiingia, kigelegele cha kusikika mpaka kule Usagara. Mtu mmoja akavuka barabara kuchungulia, wakafuata watatu, kisha kundi zima. Na sisi Wasukuma unatujua, ngoma mbili zikishindana, mshindi ni aliyevuta watu.

Jioni Shija mwenyewe akazima spika zake, akaja.

"Shikamoo shangazi. Na mimi naomba unitangazie."

"Marahaba. Panga foleni!"

Cherehani zilibaki nyumbani, fremu ikawa yangu. Furaha niliyoipata, acha tu.

Basi mwanangu, kitu ukikipeleka mahali ambapo hakikutengenezewa, usitarajie kifike kamili. Kitafutie mkalimani, tena kwa subira, maana mvumilivu hula mbivu. Pakibaki pengo, lijaze kwa ulichonacho wala usione haya. Nyie vijana wa sasa kitu kikigoma kidogo mnakitupa, mnasema kibovu! Kibovu nini, hamjakiimbia.

Nenda, Mungu akutangulie, aibariki kazi ya mikono yako. Na hata ukikosa vingine vyote, usikose watu wa kucheka nao.