Nyimbo za Babu Isyo Kileleni mwa Mnazi

Babu yangu Isyo alikuwa mgema hapa kisiwani Leyte, na mpaka anazikwa mikono yake ilikuwa myekundu kwa lile gome la mkoko tunalotia kwenye tembo. Mikono hiyo imo katika mashairi yote mawili waliyomtungia wanawe. Mengine yote hayalingani, ndiyo maana nilikaa jikoni nikisoma hili, nikirudia lile, nikijiuliza kama kweli ni mtu mmoja.

Mwaka wa msiba ulikuwa unaisha. Kesho yake tungevua nguo nyeusi, tungekula, na watoto wa marehemu wangesoma walichomtungia. Shangazi Saling, mtoto wa kwanza, aliandika juu ya baba anayeimba kileleni mwa mnazi alfajiri, sauti ikishuka pamoja na umande mpaka kisimani. Baba yangu Ponso, kitindamimba, aliandika juu ya mtu aliyekaa kizingitini akinoa kotama asiyoitumia, kimya, na mtoto akingoja kuitwa.

Shangazi alicheka. "Ponso, huyu baba ulimwokota wapi? Baba alikuwa redio."

"Redio ilizimika nilipozaliwa mimi."

Hakutania. Alikunja karatasi yake, akasema Shangazi asome peke yake. Watu hawaji kula nguruwe wa kuchoma ili wahuzunishwe. Ndipo nikaelewa alichokibeba tangu utotoni: kwamba alikuja yeye, wimbo ukaondoka.

Mimi nilitaka tu kujua Babu aliimba nini, nikamuuliza Bibi Iding, aliyekuwa akikuna nazi. Akasema chochote, hata nyimbo za kanisani, hata za ulevi. Kisha akatushangaa sote.

"Kwani hamjui? Kisima kiko chini ya minazi, wanawake tunaoga pale. Mgema akikaa kimya huko juu, huyo anatupiga chabo, tunamtupia mawe. Babu yenu aliimba ili tujisitiri."

Shangazi akaweka kikombe chini. Baba akauliza polepole, "Na mbona aliacha?"

"Si alianguka, mwanangu, wewe ukiwa tumboni. Nyonga haikupona, hakupanda tena, akabaki kutia gome kwenye tembo la wenzake. Sasa akae kizingitini amwimbie nani, kuku?"

"Lakini humu ndani aliimba," Shangazi akasema.

"Humu ndani hakuimba hata siku moja, Saling. Huyo wa Ponso ndiye aliyenioa."

Shangazi alinuna kidogo, halafu akasema basi shairi lake lote ni honi ya kuwaonya waogaji, na bado atalisoma.

Alilisoma kweli, na vibibi wa kisimani wakacheka huku wakijifunika vifua. Kisha Baba akasimama, akakunjua karatasi. Alipofika pale mtoto anapongoja kuitwa, aliinua macho, akaongeza mstari ambao sikuwa nimeuona jikoni: kwamba mtoto hakuitwa kwa sababu alikuwa ameshakaa karibu na baba yake.