Fundi wa Seva wa Donholm

Fundi huyu hagusi kibodi kwanza. Hupitisha vidole juu ya waya, polepole, akiguna, nami humpenda kwa hilo, kwa maana mafundi wa siku hizi huzima, huwasha, kisha hulaumu stima. Siku ya Jumanne aliitwa kwenye duka la Luseno la kuchapisha, hapa mtaani Donholm. Kila kompyuta ilisema seva haipatikani, na wasifu wa marehemu mamake Nasambu, mteja wa asubuhi hiyo, ulikuwa humo ndani ukingoja kuchapishwa. Nasambu alisimama mlangoni. Basi la msiba lilikuwa linaondoka kwenda Kakamega saa sita. Zamani wasifu wa mtu ulikaa vichwani mwa majirani. Sasa unafungiwa ndani ya sanduku.

Waya wa mwisho ulimfikisha fundi kabatini, akakuta seva imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama redio ya sebuleni, nayo imepata moto kama pasi. “Nani amevalisha hii kitu?” “Ni mimi,” akasema Luseno. “Vumbi, fundi.” Fundi hakumcheka. Aliizima, akakunja kitambaa vizuri, akachukua kipande cha boksi na kuanza kuipepea. “Sasa unachoma mahindi?” Luseno akamtania. “Tulia, budaa. Ikipoa itaamka,” fundi akamjibu mzee huyo. Iliamka saa tano na nusu. Picha ya marehemu ilipojaa kwenye skrini, fundi alivua kofia kabla ya kuchapisha chochote. “Pole, mama,” akamwambia Nasambu. Nilidhani adabu hiyo tuliizika kitambo. Nasambu alikimbilia basi amekumbatia kurasa, na fundi akabaki kichwa wazi mpaka Nasambu alipopotea kwenye kona.