Mama wa Chaki

Wifi yangu Lazarine alikwenda Paris kunyonyesha watoto wa matajiri, kama wanawake wengi wa milima yetu ya Morvan. Wa kwake, Andoche, alimwachia mama yangu kabla hajaota jino. Aliogopa kitu kimoja tu: akirudi, mtoto asimjue.

Huko Paris, binti mmoja mchoraji aliitwa amchore mke wa tajiri na mwanawe. Kumbe kile kichanga kikipakatwa na mama yake ni mayowe tu! Basi akapewa Lazarine, aliyekuwa akimnyonyesha, ampakate yeye, na binti akachora alichokiona, kwa chaki za rangi. Mke wa tajiri kuona, akafura. "Mama wa mtoto huyu ni nani, mimi au huyu?" Ikabidi ichorwe nyingine. Ile ya kwanza Lazarine akapewa, naye akatutumia na ujumbe: mwonyesheni Andoche, mwambieni mama yake ndiye huyu.

Nikaisogelea, mbea mimi. Kwa karibu ni mikwaruzo mitupu, buluu shavuni, kijani shingoni. Rudi nyuma kidogo: Lazarine huyo! "Sasa kafanyaje huyu binti?" nikauliza.

"Hebu acha kuichokonoa," mama akanigombeza. "Utaiharibu."

Haya, aliyeiharibu nani? Aliitundika kando ya Bikira Maria, na kwetu picha takatifu hubusiwa kabla ya kulala. Kila jioni Andoche akanyanyuliwa: mbusu Bikira, mbusu mama. Bikira alipigwa chapa kiwandani, hakubanduka. Chaki ikabanduka. Mtoto akawa analala na midomo ya waridi, nasi tunacheka, wajinga sisi. Tunakuja kushtuka, uso wote umekwisha, kimebaki kichanga cha watu kwenye mapaja.

Mwaka wa pili Lazarine akarudi. Alipiga magoti pale pale mlangoni, kofia hajavua. "Andoche, baba, njoo."

Mama akamsukuma mjukuu wake. "Mbusu mama, kama kila siku."

Akaenda bila ubishi, akambusu shavuni. Nikashusha pumzi. Lazarine alikuwa amefumba macho, machozi yanamtoka. Andoche akajipangusa midomo kwa kidole, akakitazama, akakigeuza, akakitazama tena. Kisha akamgeukia mama yangu.

"Bibi, huyu si mama. Hatoki rangi."