Wageni wa Baba, Mfereji wa Babu

Baba yangu akianza kusifia kwetu, hata mimi niliyezaliwa pale hutamani kuhamia. Husimama kando ya mto, pale maji yanapoteremka juu ya mawe kutoka Mlima Meru, anavua kofia kana kwamba yuko kanisani, kisha anaanza. Udongo mnauona wenyewe, mweusi. Dondosha mbegu ya parachichi, geuka kumsalimu mtu, ukirudi imeota. Hapa kahawa, hapa ndizi mshare, mtori wake hauhitaji hata nyama. Kule juu mizinga ya nyuki. Kule chini nyanya na vitunguu, na soko la Tengeru liko hapo tu, siku ya soko kelele zake zinafika. Maziwa yananunuliwa povu halijatulia. Ukitaka kufyatua tofali, udongo wake upo. Ukitaka kitalu cha maua, watu wenye mkono wa maua wapo. Na maji, humalizia akiunyooshea mfereji mkono wa kulia, maji ni ya mwaka mzima.

Yote hayo yalikuwa kweli. Ndilo linaloniuma zaidi, kwamba baba hakuwahi kumdanganya mtu hata mmoja.

Mfereji ule ulichimbwa na babu na wenzake, kwa majembe, wakifuata mteremko kwa macho tu. Unaanzia kwenye banio, pale mto ulipozuiwa kwa mawe, unakatiza vihamba vya watu, yale mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, na kuishia kwetu. Sisi ndio wa mwisho. Kwa hiyo chochote kikiharibika huko juu, ndizi za mama ndizo za kwanza kulalamika. Mvua za masika zikiisha mfereji hujaa tope na majani, na kingo hubomoka. Ndipo huitishwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Baba, aliyekuwa mwenyekiti wa mfereji tangu nikiwa mdogo, aligonga rimu la gari lililoning'inia kwenye mti karibu na banio, na kila nyumba ikatoa mtu na jembe lake au koleo. Kazi ikiisha, kina mama walileta loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, tukala tumesimama na miguu imeganda tope. Kazi nilikuwa naichukia. Kile chakula mpaka leo nakitafuta mjini na sikipati.

Halafu watu wakaanza kupungua. Wazee walikufa, watoto wao tukawa watu wa mjini. Mimi nikaishia Njiro, kwenye nyumba yenye ukuta, ambako jirani yangu namfahamu kwa mlio wa geti lake. Vihamba vikabaki na nyasi. Ofisi ya kata ikaona bora kualika watu wapya waje kununua, kulima, kufuga, kuanzisha viwanda vidogo. Wakaja kwa baba, wakamwambia, "Mzee, wewe una maneno." Hawakuhitaji kumbembeleza. Baba alikuwa na kiu ya watu. Alikuwa ameona nyumba moja baada ya nyingine ikifungwa, na ile jioni alivaa koti la kanisani kwenda tu kumweleza mama.

Kazi ya kuandika kijitabu nikapewa mimi, kwa sababu ofisini kwetu tunachapisha vitu vya namna hiyo. Nilikaa na baba mezani, yeye anasema, mimi naandika, mama anamenya ndizi pembeni. Tulipofika kwenye maji nikauliza, "Baba, hapa niandike na msaragambo? Kwamba kila nyumba inatoa mtu?"

Alinitazama kama nimetema mate mezani.

"Mgeni ukimkaribisha unampeleka sebuleni, binti yangu. Unaanzaje kumwonyesha masufuria yanayosubiri kuoshwa?"

"Lakini wakishahamia si wageni tena."

"Wataona wenyewe. Mtu mzima anaambiwa?"

Mama hakuinua macho kwenye ndizi zake. "Baba yako akisikia hodi, hata kuku wanajificha. Andika anavyotaka, chai inapoa."

Nikaandika anavyotaka. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, aliagiza iwe: Karibuni Wageni.

Na wakaja kweli. Walitoka mjini, wengine Dar, wastaafu kwa vijana, wakiwa na kijitabu mkononi. Baba alimtembeza kila mmoja, hata mguu ulipoanza kumsumbua. Hakutaka chochote. Kumwona mtu akichota udongo wetu na kuunusa kulimtosha. Aliyempenda kuliko wote alikuwa muuguzi mstaafu, mjane, aliyenunua kihamba kilicho juu ya chetu. Huyo mama alikuwa na adabu mpaka inachosha. Alitoa shikamoo kwa kila mwenye mvi, wakiwemo watu aliowazidi umri. Alipanda parachichi, akapanda na mawaridi kando ya mfereji, na kila alipopita njiani alisimama kumjulia baba hali ya mguu.

Masika ya kwanza baada ya wageni kuhamia, baba aligonga rimu. Wakatokea wale wale wa zamani, wachache. Baba akasema, "Bado wageni hao, hawajatulia." Masika yaliyofuata, vile vile. Mmoja alituma kreti la soda, nadhani alidhani ni sherehe. Mwingine alijenga ukuta juu ya mfereji, akaupitisha kwenye bomba ambalo lilikuwa linaziba kila majani yakidondoka. Waliokuwa na uwezo walichimba visima, wengine wakatega pampu mtoni. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila mtu alipata maji kwa njia yake, basi akajua ndivyo maji yanavyopatikana huku.

"Si uwaite!" mama alimwambia mwaka mmoja, tukila. "Pita nyumba kwa nyumba. Waambie."

"Mgeni haitwi kuja kuchimba tope."

"Mgeni gani? Wengine wameshazikia hapa! Mgeni ana wajukuu waliobatizwa kanisani kwetu!"

Baba akaomba aongezewe mboga. Ndivyo anavyoshinda mabishano yake yote.

Mimi nilikuwa namkasirikia, na mpaka leo namkasirikia. Kiswahili chetu kina neno moja tu kwa watu wawili: mgeni ni aliyekuja kunywa chai, na mgeni ni aliyekuja kuishi. Wa kwanza unamwekea kiti. Wa pili, siku moja lazima umpe jembe, la sivyo hatakuwa wa hapo. Baba aliwawekea wote kiti. Laiti angewaita kwa jina la majirani hata mara moja, kwa bahati mbaya tu, ulimi ukiteleza! Lakini ulimi wa baba hautelezi, na hiyo ndiyo sifa watu wa kata waliyomfuatia tangu mwanzo.

Mfereji haukufa siku moja. Ulibomoka kwenye kona moja huko juu, maji yakawa yanaishia vichakani. Wazee waliobaki walikwenda kuziba, nao ni watu wa kuinama na kushindwa kuinuka. Kona nyingine ikafuata. Kwetu maji yakawa yanafika kwa kujikongoja, kisha yakawa yanafika mvua ikinyesha, yaani siku ambayo hatuyahitaji. Kahawa ikajikunja majani. Mikungu ya mshare ikawa na vidole vyembamba ambavyo mama aliona aibu kuvipeleka hata kwenye kikapu cha mavuno kanisani. Nilipopiga simu kuuliza, baba alisema ni hali ya hewa, nchi nzima inalia.

Mwaka huu masika yaliisha na rimu halikugongwa kabisa. Nilikwenda nyumbani Jumamosi, nikamkuta baba uani ameshika fimbo. Hata salamu hatujamaliza akaniambia, "Nenda Tengeru uniletee mkungu wa mshare. Mkubwa. Usichague kwa kubana matumizi." Nikadhani mama amekosa ndizi za kupika, nikaona hilo pekee linatosha kuhuzunisha, kwamba Mmeru mwenye kihamba ananunua ndizi sokoni. Niliporudi alinipitishia mlango wa nyuma. Akaikata ile kamba ya wachuuzi, akaubeba mkungu mwenyewe kwa kuchechemea, akauegemeza kwenye shina la mgomba wetu mmoja kama vile umekatwa pale pale.

Nilielewa mchana, muuguzi alipobisha hodi. Alikuja kumwona baba kama alivyoahidi, maana mguu ulikuwa umezidi. Mama akatoa chai na viazi. Tulizungumza habari za kanisa, habari za bei ya mbolea, kisha yule mama akazungusha kikombe kwenye kisosi chake kwa muda.

"Mzee, nataka kuuliza kitu, naomba usinicheke. Lile rimu linalogongwa huko juu kila masika yakiisha. Mwaka huu sijalisikia. Kwani lilikuwa la nini?"

Baba akachukua kiazi. Nilifungua mdomo, jicho lake likanifunga. Mama ndiye aliyesema.

"La mfereji. La msaragambo, kusafisha."

"Kusafisha mfereji?" Kikombe kilitua. "Huu huu unaopita kwangu?"

"Huo huo."

"Jamani!" Alinigeukia mimi, labda kwa sababu baba alikuwa hamtazami. "Mimi nilidhani ni ibada ya ukoo. Nilikuwa nasimama dirishani nawaona mnapita na majembe, nikasema haya ni mambo yao ya mila, nikijipeleka bila kuitwa watanionaje? Na gambuti nilinunua, mwaka ule ule niliohamia, nikisema wakiniita tu. Ziko stoo mpaka leo hazijakanyaga tope. Mzee, mbona hukuniita?"

Nakumbuka nilijisikia furaha ya ghafla, furaha ya kijinga kabisa, kama mtu aliyepata funguo mfukoni baada ya kupekua nyumba nzima. Kumbe walikuwa wanangoja! Miaka yote walikuwa wanasimama madirishani wakingoja.

"Na si mimi peke yangu," aliendelea. "Hawa wa kando yangu nao waliwahi kuniuliza, nikawaambia tusiingilie. Mzee, Jumamosi ijayo gonga. Tutakuja wote, mtatufundisha."

Mama aliacha kumimina chai. Sote tulimtazama baba, na baba akatabasamu. Nililijua lile tabasamu. Lilikuwa lile la mtoni.

"Asante sana, mama. Umenifurahisha. Lakini wewe ni mgeni wetu, bwana, utaingiaje kwenye tope? Wewe pumzika. Vijana watashughulikia."

Vijana gani? Kijana wa nyumba ile nilikuwa mimi, na nina nywele nyeupe ambazo nazipaka rangi, na nilitakiwa Njiro kabla ya jioni.

"Baba," nikasema.

"Hapana, mwanangu." Ni yule mama aliyenizuia, na alinigusa mkono kwa upole. "Mzee ameshasema. Kama si mahali pangu, si mahali pangu." Alisema bila kinyongo. Lakini aliinamisha macho, akaanza kukusanya vikombe vyetu kwenye trei kama wanavyofanya wageni wanaotaka kuaga, na baba, akihangaika mgeni asiguse hata kijiko, alimnyang'anya ile trei.

Nilitaka kulia, nilitaka kupiga kelele, na sikufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu nimelelewa na mtu yule yule. Nilisimama tu mlangoni na mama. Baba alimsindikiza mgeni wake akipitia shambani, taratibu na fimbo yake, mpaka kwenye ule mgomba.

"Huo ni wako," akamwambia. "Hutoki hapa mikono mitupu."

"Mzee! Mkungu wote huu?" Alizishika zile ndizi za Tengeru, nene, zinazong'aa. "Ndizi za huku hazina mfano. Ndiyo maana mdogo wangu ananisumbua, anataka na yeye kiwanja huku. Nimwambie aje umtembeze?"

Baba alivua kofia. Nikamsikia anaanza. Udongo, mama, umeuona mwenyewe. Parachichi. Nyuki kule juu. Soko hapo tu. Sauti ilikuwa ile ile, na yule mama alisikiliza kana kwamba hajawahi kuisikia. Kisha alifika kwenye maji. Mkono wa kulia ukanyooka wenyewe kuelekea mfereji, mle mlimojaa majani makavu ya migomba, ukasita hewani. Halafu akauinua, akauelekeza mlimani.

"Maji," alisema baba, "yanatoka kule juu."